Laki Moja Iliyolipwa Mara Mbili

Mzazi wa Mwandiga anayemlipia mtoto ada katika chuo cha serikali halazimiki tena kushuka Kigoma mjini kupanga foleni benki. Anabonyeza *150*00#, au msimbo wa mtandao mwingine anaoutumia, anaingiza tarakimu 12 zinazoanza na 99, kiasi na namba ya siri, kisha meseji inarudi. Tuseme asubuhi ameuza madumu ya mawese hapo njia panda, barabara ya Manyovu inapoachana na ya Kasulu, akalipa shilingi 100,000. Jioni dagaa nao wametoka vizuri, akalipa 100,000 nyingine kwa namba ileile. Upande wa pili, huko chuoni, kuna programu ndogo inayopokea taarifa za malipo. Imepokea taarifa mbili za namba moja, kiasi kimoja, siku moja. Je, mzazi amelipa mara mbili, au amelipa mara moja na taarifa ikatumwa mara mbili? Ninavyoona, API ndogo ya aina hii huonekana kuwa nzuri au mbovu kwa jinsi inavyolijibu swali hilo. Lugha iliyotumika, fremuweki iliyochaguliwa na uzuri wa kurasa za msimamizi vinakuja baadaye sana.

Ili swali lieleweke, tuone ujumbe unavyosafiri. Mfumo wa Kielektroniki wa Malipo ya Serikali, GePG, ulianza kutumika mwaka 2017 chini ya Wizara ya Fedha. Kabla yake kila taasisi ilikuwa na akaunti zake na makubaliano yake na benki au kampuni za simu. GePG ikakaa katikati: taasisi zote zinazungumza nayo, na benki na mitandao ya simu vilevile. Katika muundo uliozoeleka kwa waliounganisha taasisi zao, chuo hutuma bili yenye namba yake ya ndani, jina la mlipaji, kiasi, tarehe ya mwisho na msimbo wa aina ya mapato. GePG hujibu hapohapo, lakini jibu hilo husema tu kwamba ujumbe umefika. Namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mitaani huitwa kontro namba, huja baadaye kwa ujumbe mwingine ambao GePG yenyewe huupeleka kwenye anwani ya chuo. Mzazi akishalipa, GePG hupeleka ujumbe wa tatu wenye kitambulisho cha muamala, namba ya risiti ya mtoa huduma, kiasi kilicholipwa na saa ya malipo. Kila ujumbe unaofika chuoni lazima ujibiwe kwamba umepokewa, na msimbo 7101 ndiyo alama ya mafanikio. Siku inayofuata chuo huomba orodha ya miamala ya jana na kuilinganisha na vitabu vyake.

Kwa hiyo anayejenga upande wa chuo anajenga kitu kinachopigiwa hodi zaidi ya kinachopiga hodi. Majirani zetu wa Kenya wanaujua mpangilio huu kupitia Daraja, API ya M-Pesa ambayo Safaricom iliifungua mwaka 2017: programu ya duka ikiomba malipo hujibiwa papo hapo kwamba ombi limepokewa, na matokeo halisi hufika baadaye kwenye anwani ya duka, ambapo 0 ni mafanikio na 1032 ni mteja aliyeghairi. Sababu ni moja kotekote. Kati ya ombi na fedha yupo mtu mwenye simu mkononi. Anaweza kuingiza namba ya siri sasa hivi, baada ya dakika tano, au asiingize kabisa. Hakuna seva inayoweza kumsubiri huku laini ikiwa wazi.

Kazi hii inafaa sana kwa fremuweki nyepesi, na Flask ndiyo nitakayoitumia kama mfano kwa sababu inafahamika na watu wengi. Armin Ronacher wa Austria aliitoa mwaka 2010, ikiwa imechipuka kutoka mzaha wake wa Siku ya Wajinga, na kabla yake Sinatra ya lugha ya Ruby ilikuwa imekwisha kuonyesha mwaka 2007 kwamba huduma ya wavuti inaweza kuandikwa katika faili moja. Chuo chetu kinahitaji milango miwili ya nje, mmoja wa namba za kumbukumbu na mwingine wa malipo, pamoja na mlango wa ndani ambao karani au mwanafunzi huutumia kuomba bili. Kila mlango ni kitendaji kimoja chenye njia yake juu. Msomaji wa msimbo huona mwanzo na mwisho wa ombi bila kupekua mafaili kumi. Uwazi huu ndio ninaoutetea, kwa sababu maamuzi magumu ya mfumo huu ni machache, na yanapaswa kukaa mahali ambapo mhasibu aliye makini anaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Uamuzi wa kwanza huwakwaza wengi kabla hata hawajafika kwenye hela. Ujumbe wa GePG ni XML yenye saini ya kidijiti ya RSA, na saini hiyo imekokotolewa juu ya maandishi yaleyale yaliyotumwa, herufi kwa herufi. Mwandishi wa programu aliyezoea JSON huwa na haraka ya kuufungua ujumbe, kuugeuza kuwa muundo wa Python, kisha kuurudisha kuwa XML ili akague saini. Hapo nafasi moja kati ya lebo imepotea, au lebo tupu imeandikwa kwa namna nyingine, na saini halali inakataliwa. Dawa ni kuchukua baiti ghafi za ombi kwa request.get_data(), kukata sehemu iliyosainiwa kama ilivyo, kuikagua, na baada ya hapo tu ndipo ujumbe ufunguliwe. Katika majaribio, sampuli za ujumbe zihifadhiwe kama faili ghafi, na kihariri kizuiwe kuongeza mstari mtupu mwishoni. Jaribio lenyewe litengeneze jozi yake ya funguo, lisaini sampuli, na kuipa programu ufunguo wa wazi wa majaribio. Anayezima ukaguzi wa saini ili majaribio yapite anajaribu programu nyingine kabisa.

Sasa turudi kwa laki moja mbili za Mwandiga. Kuna marudio ya aina mbili, na watu huyachanganya. Marudio ya kwanza ni ya mashine: GePG imepeleka taarifa, chuo kimeihifadhi, lakini jibu la kupokea likapotea njiani au likachelewa. Mtumaji hana njia ya kujua kama ujumbe ulipotea wakati wa kwenda au jibu lilipotea wakati wa kurudi, hivyo kwa usalama anatuma tena. Itifaki ya HTTP haimsaidii. Kwa kanuni zake, GET na PUT zinaweza kurudiwa bila madhara, lakini POST haina dhamana hiyo, na ujumbe huu wote husafiri kwa POST. Marudio ya pili ni ya binadamu: mzazi amelipa tena, kwa hiari yake, fedha nyingine. Marudio ya mashine lazima yakunjwe kuwa kitu kimoja. Ya binadamu yasikunjwe kamwe, maana kuyakunja ni kula laki moja ya mtu.

Ndiyo maana swali la ufunguo wa kipekee ni zito kuliko swali la fremuweki. Wengi hufikiria kwanza namba ya kumbukumbu: imeshalipwa, basi taarifa nyingine ni nakala. Lakini bili za GePG zina aina zake, na baadhi huruhusu kulipwa kidogo kidogo. Ada ni mfano wa wazi, kwa hiyo namba moja inaweza kuwa na malipo manne halali. Wengine huunganisha namba, kiasi na tarehe, wakiamini hakuna atakayelipa kiasi kilekile mara mbili kwa siku. Mwenye biashara ndogo hulipa kwa viwango vya mviringo kadiri hela inavyoingia, kwa hiyo dhana hiyo inamwangusha yuleyule ambaye malipo ya awamu yaliwekwa kwa ajili yake. Kinachobaki ni kitambulisho cha muamala. Mashine ikirudia ujumbe, kitambulisho hakibadiliki. Mzazi akilipa upya, kinakuwa kipya.

Kwenye mlango wa kuomba bili mambo yanageuka. Mtandao wa simu unakatika, mwanafunzi haoni kitu kwenye kioo, anabonyeza tena. Hapa marudio ni ya binadamu, lakini tunataka yakunjwe, kwa sababu deni ni moja na hatutaki liwe na namba mbili za kumbukumbu, moja kwa mwanafunzi na nyingine kwa mzazi wake aliyetumiwa meseji ya pili. Fomu inapofunguliwa ipewe alama yake ya kipekee, na alama hiyo iwe ufunguo wa ombi. Kwa hiyo kanuni ya jumla ya kukunja kila kinachorudiwa haipo. Kila mlango unahitaji mtu aketi na kuamua ni kitu gani hasa kinachorudiwa, na uamuzi huo unatoka kwenye biashara ya ada, si kwenye maktaba ya Python.

Uamuzi ukishapatikana, jaribio lake ni fupi kiasi kwamba kulikosa hakuna udhuru:

def test_taarifa_ikirudiwa(mteja, hifadhi, ujumbe):
    jibu_1 = mteja.post("/malipo", data=ujumbe)
    jibu_2 = mteja.post("/malipo", data=ujumbe)
    assert msimbo(jibu_1) == msimbo(jibu_2) == "7101"
    assert hifadhi.idadi_ya_malipo() == 1

Mteja hapo ni kile kifaa cha majaribio kinachokuja na Flask, kinachogonga mlango bila kuwasha seva. Tazameni mstari wa nne: nakala nayo hujibiwa 7101. Wapo wanaoona vyema kuijibu nakala kwa kosa, eti imeshapokewa. Lakini mtumaji aliyerudia ujumbe anauliza jambo moja tu, kwamba je, mnayo? Jibu la kweli ni ndiyo. Ukimjibu kosa, atarudia tena, au ataiweka taarifa hiyo kwenye foleni ya zilizoshindikana ambako mtu ataifuatilia bure. Tazameni pia kwamba jaribio husoma msimbo ulio ndani ya ujumbe, si hali ya HTTP. Tumezoea kuambiwa kwamba 200 ni heri na 400 ni kosa la mteja. Katika mifumo ya malipo ya aina hii, 200 inaweza kubeba ndani yake msimbo wa kukataliwa, na jaribio linaloishia kwenye 200 litasifu hata mlango unaotupa hela. Jaribio pacha la hili, lenye ujumbe wa pili unaofanana kwa kila kitu isipokuwa kitambulisho cha muamala, linapaswa kumaliza na malipo mawili. Bila pacha huyo, programu inayotupa kila kinachofanana ingefaulu.

Hata hivyo, jaribio hilo lina upofu wake. Linatuma ujumbe wa kwanza, linasubiri, kisha wa pili. Kwenye seva halisi wafanyakazi kadhaa wa gunicorn, yaani michakato sambamba ya seva inayoendesha programu, hupokea maombi kwa wakati mmoja. Nakala mbili zikiingia pamoja, kila mfanyakazi ataiuliza kanzidata kama muamala upo, kila mmoja ataambiwa haupo, na wote wawili watauandika. Kuuliza kwanza kisha kuandika ni kosa la kawaida mno, na kwenye kompyuta ya mwandishi halijitokezi. Kinga iko kwenye kanzidata yenyewe: sharti la upekee juu ya safu ya kitambulisho, na amri moja ya kuandika inayonyamaza pale muamala unapokuwa umekwishawekwa, kama ON CONFLICT DO NOTHING iliyoingia PostgreSQL katika toleo la 9.5 mwaka 2016. Kwa sababu hiyohiyo majaribio ya mlango huu yaendeshwe juu ya PostgreSQL ya kweli, si juu ya SQLite ya kwenye kumbukumbu, ambayo hufunga uandishi kwa namna yake na kuficha mgongano unaotafutwa.

Mpangilio wa hatua ndani ya kitendaji nao ni sehemu ya swali la marudio, kwa kuwa mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaoyazalisha. Kitendaji kinachopokea malipo, kisha kikamtumia mzazi meseji, kikatengeneza risiti ya PDF, kikasasisha usajili wa mwanafunzi, ndipo kikajibu, kinamshikilia mtumaji mlangoni muda wote huo. Mfanyakazi wa kawaida wa gunicorn huuawa akishindwa kumaliza ndani ya sekunde 30. Lango la meseji likizubaa, mfanyakazi anakufa baada ya kuhifadhi malipo na kabla ya kujibu, na taarifa inarudi. Kujibu kwanza na kuhifadhi baadaye ni kubaya zaidi: umeme ukikatika katikati, GePG inaamini tumepokea na sisi hatuna kitu. Utaratibu unaobaki ni kukagua saini, kuandika malipo, kuthibitisha muamala wa kanzidata, kujibu, na kazi zote nyingine zisubiri kwenye foleni. Jaribio lake ni rahisi: upe mlango mtuma-meseji bandia anayeshindwa kila mara, kisha hakikisha jibu bado ni 7101 na malipo yamo.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la watu wa fremuweki kubwa. Django, Laravel na Spring, watasema, zina kila kitu, kwa nini kujipa kazi? Sina ugomvi nazo. Chuo chenye mfumo mkubwa wa Laravel kiongeze milango hii humohumo. Lakini hakuna hata moja kati yake inayojua kwamba ada hulipwa kwa awamu, au kwamba namba ya kumbukumbu si ufunguo. Zinakupa namna ya kuandika sharti la upekee, jambo ambalo mistari michache ya SQL hulifanya. Zinachoongeza kwa kazi hii ndogo ni tabaka za kupita kabla baiti ghafi hazijakufikia, na tumeona baiti hizo ni za thamani gani.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Watu husema mazingira ya majaribio ya GePG au ya Daraja yapo, taasisi hairuhusiwi kuingia kazini bila kuyapitia, basi majaribio ya ndani ni kazi ya ziada. Mazingira hayo yanathibitisha kwamba tunazungumza lugha moja: saini inakubalika, lebo zimekaa sawa, anwani inafikika. Ni lazima, na hakuna jaribio la ndani linaloweza kuchukua nafasi yake. Lakini ndani yake huwezi kumwamuru mtumaji apoteze jibu lako mara tatu mfululizo, wala kuleta nakala mbili katika milisekunde moja. Mambo mazuri yanajaribiwa pamoja na mwenzako, na ajali unazijaribu kwako.

La tatu ni la wahasibu, nami nalisikiliza kuliko mengine: kuna ulinganisho wa kila siku, makosa yote yatanaswa hapo. Ni kweli ulinganisho hunasa taarifa ambayo haikufika kabisa. Lakini mwanafunzi ambaye dirisha la usajili linafungwa leo saa kumi jioni hasaidiwi na orodha ya kesho. Tena ulinganisho wenyewe hutegemea ufunguo uleule. Programu iliyochagua namba ya kumbukumbu na tarehe italinganisha kwa namba ya kumbukumbu na tarehe, na laki ya pili ya Mwandiga itaonekana kama nakala iliyokwisha kushughulikiwa.

Kisha kuna saa sita usiku. Mzazi amelipa saa tano na dakika 58, taarifa imefika chuoni siku imebadilika. Programu inayoandika tarehe ya kupokea badala ya tarehe ya malipo iliyo ndani ya ujumbe itaonyesha upungufu Jumatatu na ziada Jumanne. Seva iliyowekwa kwenye saa ya UTC huongeza utata: malipo ya saa nane usiku kwetu, kwake bado ni jana. Majaribio mawili yenye saa bandia yanamaliza suala hilo, lakini yasipokuwepo, kitakachofuata ni cha kawaida katika ofisi nyingi. Mhasibu anaona upungufu wa Jumatatu, anafungua fomu ya kuingiza malipo kwa mkono, anaandika 100,000, anahifadhi. Fomu ile haikuomba kitambulisho cha muamala, na sharti la upekee haliwezi kulinda safu iliyoachwa tupu: PostgreSQL, kwa kawaida yake, huruhusu nafasi tupu nyingi kadiri upendavyo. Taarifa halisi iliyokuwa imehesabiwa Jumanne sasa ina nakala iliyotengenezwa na binadamu, ambayo hakuna jaribio la mlango wa malipo litakaloiona, kwa kuwa haikupita mlangoni. Safu hiyo iwe ya lazima, na fomu ya mhasibu iite kitendaji kilekile cha kuandika malipo ambacho mlango wa nje unakiita.